Tahadhari Kabla ya Athari: Afya ya Wafanyakazi Wanaovunja Vinu vya Nyuklia

Tarehe 24 Machi 2011, katika mtambo wa umeme wa nyuklia wa Fukushima Daiichi nchini Japani, wafanyakazi watatu walikuwa wakitandaza nyaya za umeme katika chumba cha chini ya ardhi cha jengo la tabo za kinu nambari 3. Siku iliyotangulia chumba hicho kilikuwa na maji machache tu. Siku hiyo maji yalikuwa yameongezeka hata kufikia vifundo vya miguu, na wawili kati yao walikuwa wamevaa viatu vifupi. Vipima mionzi walivyovaa vilitoa mlio wa hatari, lakini wao wakadhani kwamba vyombo hivyo vimeharibika, wakaendelea na kazi. Walipotoka iligunduliwa kwamba kila mmoja wao alikuwa amepata mionzi ya milisiverti 170 hadi 180. Kiasi hicho ni zaidi ya kile ambacho mfanyakazi wa mionzi huruhusiwa kukipata kwa muda wa miaka mitano mizima.

Wote watatu walipelekwa katika taasisi ya taifa ya sayansi ya mionzi huko Chiba, kwa hofu kwamba miguu iliyolowa ingeungua. Kwa bahati njema waliruhusiwa kurudi makwao baada ya siku chache bila jeraha kubwa. Mkasa huo ungeweza kuepukwa kwa jozi mbili za viatu virefu na kwa kutii kipimo kilicholia. Kutokana na jambo hilo linazuka swali linalowahusu madaktari, wahandisi na walimu wa sayansi pia: je, matayarisho ya tiba kwa watu wanaofanya kazi ya namna hii huanzia wapi?

Kazi ya kuvunja kinu

Kinu cha nyuklia ni chombo ambamo viini vya atomu za urani hupasuliwa ili kutoa joto. Joto hilo huchemsha maji, na mvuke wake huzungusha mashine za kuzalisha umeme. Kinu huchakaa kama mtambo mwingine wowote. Hivi sasa vinu zaidi ya 200 vya kuzalisha umeme vimekwisha kufungwa duniani, na kila kimoja hapana budi kisafishwe, kikatwe vipande na mabaki yake yahifadhiwe mahali pa salama.

Katika kinu kilichofungwa kwa utaratibu, kazi ya kwanza ni kuondoa fito za urani zilizotumika. Fito hizo zikitoka, zaidi ya asilimia 99 ya unururishaji wa mtambo huwa umeondoka pamoja nazo. Kinachobaki ni vumbi na kutu ndani ya mabomba, na chuma cha kinu chenyewe, ambacho kwa kupigwa na nyutroni miaka mingi kimegeuka kuwa na kobalti-60. Nusu-uhai ya kobalti-60, yaani muda unaohitajika ili nusu ya atomu zake zioze, ni miaka 5.3 hivi. Baada ya nusu-uhai kumi, ambazo ni miaka 53, hubaki sehemu moja tu kati ya 1,024. Ndiyo maana baadhi ya nchi, kama vile Uingereza, huamua kuviacha vinu vyao vya zamani vikiwa vimefungwa na kulindwa kwa miongo kadhaa kabla ya kuvikata.

Hali ya Fukushima ni tofauti. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 9.0 lilifuatwa na wimbi la tsunami lililopanda kiasi cha meta 14 au zaidi mahali pa mtambo. Jenereta za dharura ziligharikishwa, pampu za maji ya kupoza zikasimama, na viini vya vinu vitatu vikayeyuka. Urani iliyoyeyuka ilichanganyika na chuma na saruji, na baada ya kupoa ikawa mabonge ambayo uzito wake unakadiriwa kufika tani 880. Mwezi Novemba 2024, kwa kutumia chombo kinachoongozwa kwa mbali, ilitolewa sampuli ya kwanza ya mabonge hayo. Uzito wake haukufika hata gramu moja. Serikali ya Japani ilipanga kazi yote ichukue miaka 30 hadi 40 kuanzia mwaka 2011. Kungoja tu hakuwezi kusaidia sana, kwa sababu nusu-uhai ya sesiamu-137 ni miaka 30, na majengo yaliyobomoka hayawezi kuachwa yajitunze. Hivyo wapo watu, maelfu kwa maelfu, ambao riziki yao ni kuingia katika eneo hilo kila siku.

Mionzi hufanya nini mwilini

Mionzi itokayo katika vitu hivi ni ya aina tatu kuu. Mionzi ya alfa huzuiwa na karatasi, au na ngozi ya juu iliyokufa. Hatari yake ni pale chembe zinazoitoa zinapoingia mapafuni au katika kidonda. Mionzi ya beta hupenya milimita chache na inaweza kuunguza ngozi. Hiyo ndiyo iliyohofiwa kwa wale waliolowa miguu. Mionzi ya gama hupita mwilini kama vile mwanga unavyopita katika kioo, na huzuiwa kwa risasi, chuma, saruji au maji mengi.

Hapa yafaa kutenganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Mtu aliyepigwa na gama kutoka nje hawi chanzo cha mionzi, kama vile mtu aliyeshinda juani asivyoweza kuliingiza jua nyumbani mwake. Lakini mtu ambaye vumbi au maji yenye mionzi yamemgusa amechafuliwa; uchafu huo unaweza kumdhuru yeye, na unaweza kuhamia kwa mwingine mpaka uoshwe. Muuguzi asiyeelewa tofauti hiyo anaweza kumwogopa mgonjwa asiyestahili kuogopwa.

Kiasi cha mionzi inayompata mtu hupimwa kwa siverti, na sehemu yake ya elfu huitwa milisiverti. Kwa wastani kila binadamu hupata milisiverti 2.4 kwa mwaka kutokana na ardhi, anga, chakula na hewa. Mfanyakazi wa mionzi huwekewa kikomo cha milisiverti 100 kwa miaka mitano, na asipite 50 katika mwaka wowote mmoja.

Madhara nayo ni ya namna mbili. Ya kwanza hutokea pale ambapo mtu amepata kiasi kikubwa kwa muda mfupi. Siverti moja ya gama kwa mwili mzima ikipatikana kwa mara moja huweza kuleta kichefuchefu na upungufu wa chembe za damu, na siverti 4 hivi zinaweza kuua karibu nusu ya watu wasiotibiwa. Huko Chernobyl mwaka 1986, wafanyakazi na wazimamoto 134 waliugua ugonjwa huo wa ghafla, na 28 kati yao walifariki katika miezi michache ya mwanzo. Huko Fukushima hakuna hata mmoja aliyeugua hivyo. Namna ya pili ni saratani, ambayo huweza kuchukua miaka mingi kujitokeza. Hapo mionzi haiamui moja kwa moja nani ataugua. Huongeza uwezekano tu, na uwezekano huo hukua kadiri kiasi kinavyokua. Kwa milisiverti 100 nyongeza hiyo hukadiriwa kuwa kama nusu ya asilimia moja katika maisha yote ya mtu.

Hesabu ya muda, umbali na kizuizi

Kinga dhidi ya mionzi ya nje inategemea mambo matatu, na kila moja linaweza kuhesabiwa ubaoni. Tuseme fundi anapaswa kufungua valvu yenye kobalti-60, na kwamba umbali wa meta 1 kutoka hapo pana milisiverti 8 kwa saa. Akifanya kazi nusu saa, atapata milisiverti 4. Akipewa spana yenye mpini mrefu na kusimama umbali wa meta 2, kiasi kitapungua mara nne, kwa kuwa mionzi ya chanzo kidogo hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Atapata milisiverti 1. Bamba la risasi lenye unene wa milimita 12 hivi likiwekwa katikati, kiasi hicho kitapungua tena kwa nusu, kifike 0.5. Na kama fundi huyo amefanya mazoezi ya kutosha juu ya valvu ya mfano isiyo na mionzi, hata akaweza kumaliza kwa robo saa badala ya nusu saa, atapata 0.25 tu. Hiyo ni sehemu moja ya kumi na sita ya kiasi cha kwanza, wala hakuna dawa iliyotumika.

Daktari huanza kazi kabla ya ajali

Kabla ya mfanyakazi kuingia katika eneo la mionzi, damu yake hupimwa, ngozi na macho yake hukaguliwa, na mwili wake hupimwa ili kujua kama una vitu vyenye mionzi. Vipimo hivyo hurudiwa kila baada ya muda maalumu. Sheria ya Japani hutaka kila miezi sita. Faida yake ni kwamba siku ya ajali daktari huwa na jambo la kulinganisha. Idadi ya chembe nyeupe ambayo ni ndogo kwa mtu mmoja yaweza kuwa ya kawaida kwa mwingine.

Siku za mwanzo za Fukushima zilionyesha nini hutokea matayarisho yanapopungua. Maji ya bahari yaliharibu sehemu kubwa ya dozimita za mtambo, ikawa kundi zima la watu linatumia moja. Kikomo cha dharura kilipandishwa kutoka milisiverti 100 hadi 250, na bado wafanyakazi sita walikivuka. Aliyepata zaidi alifikia milisiverti 678 hivi, na sehemu kubwa yake ilitokana na iodini-131 aliyoivuta kwa pumzi. Iodini hiyo hukusanyika katika tezi ya thairoidi iliyoko shingoni. Vidonge vya iodidi ya potasi huijaza tezi hiyo iodini isiyo na madhara ili ile yenye mionzi ikose nafasi. Lakini vidonge hivyo havina budi kumezwa kabla ya kuvuta hewa hiyo au mara tu baadaye, na havizuii mionzi ya aina nyingine yoyote. Barakoa yenye kichujio kinachofaa, ikiwa imevaliwa sawasawa, hufanya kazi kubwa zaidi.

Pamoja na hayo, daktari wa mahali hapo asisahau maradhi ya kawaida. Mwezi Mei 2011 mfanyakazi mmoja mwenye umri wa miaka sitini hivi alianguka akiwa amebeba vifaa, akafariki kwa ugonjwa wa moyo. Majira ya joto yalipoingia wafanyakazi kadhaa walizidiwa na joto, kwa maana mavazi ya kinga yasiyopitisha vumbi hayapitishi jasho pia, na mtu aliyevaa barakoa hawezi kunywa maji. Kwa sababu hizo, mwezi Julai 2011 ilifunguliwa zahanati ndani ya eneo la mtambo, na kazi za nje zikasimamishwa katika saa za joto kali la alasiri. Wavunja vinu, kama wajenzi wengine, huanguka kutoka juu, hubanwa na mashine na huumwa na moyo. Mpango wa tiba unaotazama mionzi peke yake umepungukiwa.

Mgonjwa anapofika hospitali

Kanuni ya kwanza ni kuokoa maisha. Mtu anayevuja damu au asiyepumua vizuri hutibiwa hayo kwanza, hata kama nguo zake zina mionzi, kwa sababu uchafu huo kwa kawaida hauna hatari kubwa kwa mganga aliyevaa glavu, joho na barakoa. Kisha mgonjwa huvuliwa nguo, na kwa tendo hilo peke yake sehemu kubwa ya uchafu huondoka. Ngozi huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, bila kusuguliwa kwa nguvu, kwani ngozi iliyochubuka hufungua njia ya kuingia ndani.

Baada ya hapo daktari hutafuta kujua ni kiasi gani cha mionzi kilichompata mgonjwa. Huuliza kama ametapika na baada ya muda gani. Anayetapika mapema huelekea kuwa amepata kiasi kikubwa. Huhesabu limfositi, ambazo ni aina ya chembe nyeupe za damu, mara kadhaa kwa siku za mwanzo, na huangalia jinsi zinavyopungua. Maabara yenye ujuzi huweza pia kutazama kromosomu zilizovunjika na kuungana vibaya, na kutokana na idadi yake kukisia kiasi hicho.

Dawa zipo, lakini kila moja ina kazi yake mahsusi. Buluu ya Prussia hushika sesiamu katika utumbo ili itoke na choo. Dawa iitwayo DTPA hushika plutoniamu na amerisi katika damu ili zitoke na mkojo. Zipo sindano zinazouchochea uboho wa mifupa kutengeneza chembe nyeupe. Hakuna dawa inayorudisha nyuma mionzi ambayo imekwisha kupita mwilini.

Mfano wa karibuni ni wa mwezi Oktoba 2023. Wafanyakazi walikuwa wakisafisha mabomba ya mtambo wa kuchuja maji huko Fukushima, ndipo mpira wa kutolea maji ukachomoka na kuwarushia maji machafu. Wawili hawakuwa wamevaa mavazi yasiyopenyeza maji. Walipelekwa katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Tiba cha Fukushima, ambako ngozi yao ilisafishwa, wakatoka baada ya siku chache. Safari hii hospitali ilikuwa tayari na watu wake wamefunzwa. Hata hivyo kosa lenyewe lilifanana na lile la viatu vifupi miaka kumi na miwili kabla.

Mjadala wa kuhifadhi chembe za damu

Mwaka 2011 baadhi ya madaktari wa damu wa Japani walitoa pendekezo la pekee. Walishauri kwamba kila mfanyakazi wa Fukushima, kabla ya kuingia, atolewe chembe mama za damu na zihifadhiwe katika baridi kali. Ikiwa bahati mbaya angepata mionzi ya kuua uboho, angerudishiwa chembe zake mwenyewe, ambazo mwili hauwezi kuzikataa.

Pendekezo hilo lilizua mabishano. Waliolipinga, pamoja na tume ya usalama wa nyuklia ya nchi hiyo wakati huo, waliona kwamba linawatwisha wafanyakazi mzigo usio wa lazima. Mtu mwenye afya angedungwa sindano kwa siku kadhaa na kufungwa katika mashine, kwa ajili ya hatari ambayo mpango mzuri wa kazi unapaswa kuizuia isitokee kabisa. Aidha, uboho ni kiungo kimoja tu. Mwaka 1999, katika kiwanda cha fueli ya nyuklia huko Tokaimura, Japani, wafanyakazi watatu walipata mionzi mikali kwa ghafla. Wawili walioathirika zaidi walipandikizwa chembe za damu za watu wengine. Chembe hizo zilianza kufanya kazi, lakini ngozi, utumbo na mapafu vilikuwa vimeharibika mno. Mmoja alifariki baada ya siku 83 na mwingine baada ya siku 211.

Kwa upande mwingine, waliolitetea walikuwa na hoja ya haki: jamii inayomtuma mtu mahali pa hatari inapaswa kumpa kila nafasi ya kupona inayojulikana na sayansi. Mpango wao haukukubaliwa, lakini uliwalazimisha wengi kufikiri ni kitu gani mfanyakazi anadaiwa na wale wanaomtuma.

Kipimo na riziki

Deni hilo huonekana zaidi katika kumbukumbu za vipimo. Wafanyakazi wengi wa kuvunja vinu huajiriwa na makandarasi wadogo na huhama kutoka mtambo mmoja hadi mwingine. Ndiyo sababu Japani ina daftari kuu la mionzi ya kila mfanyakazi tangu mwaka 1977, ili hesabu imfuate kila aendako. Lakini anayefikia kikomo hulazimika kuacha kazi, na anayeacha kazi hukosa mshahara. Mwaka 2012 ilifichuliwa kwamba msimamizi wa kampuni moja ndogo aliwaagiza wafanyakazi wake wafunike dozimita zao kwa mabamba ya risasi ili zisome kidogo. Risasi ile ilikinga chombo, wala haikumkinga mtu aliyekivaa.

Kumbukumbu hizo zina kazi hata baada ya miaka mingi. Mwezi Oktoba 2015 serikali ya Japani ilimkubalia fidia mfanyakazi wa Fukushima aliyepata saratani ya damu, na mwaka 2018 ikakubali kwa mara ya kwanza fidia kwa kifo, cha mfanyakazi aliyeugua saratani ya mapafu. Kukubaliwa huko si uthibitisho kwamba mionzi ndiyo iliyoleta ugonjwa, kwani sayansi haiwezi kutofautisha saratani moja na nyingine kwa chanzo chake. Sheria imeamua kwamba, pale ambapo shaka haiwezi kuondolewa, mfanyakazi asiachwe abebe mzigo peke yake. Lakini asiye na kumbukumbu sahihi atadai kwa ushahidi gani?

Afrika Mashariki haina kinu cha nyuklia cha kuzalisha umeme. Hata hivyo fundi wa eksirei katika hospitali ya Tanzania huvaa kifuani kipimo kidogo cha namna hiyo hiyo, ambacho hupelekwa kusomwa na Tume ya Nguvu za Atomu mjini Arusha. Mwanafunzi akikiona kipimo hicho, na ajue kwamba kina manufaa iwapo tu kinavaliwa kila siku ya kazi, kinasomwa kwa wakati, na kinaaminiwa kinapotoa habari zisizopendeza. Wahenga walisema tahadhari kabla ya athari. Kwa wanaovunja vinu vya nyuklia, tiba huanza kwa viatu virefu, barakoa iliyobana sawasawa, maji ya kunywa, mazoezi ya kazi na daftari lisilodanganya. Hospitali hufuata baadaye.